Fomu za fati liva zinarudi kila mwezi, na juzi nimeumbuliwa dirishani. Hii kodi naiwekaje?

DadaMafaili (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Mi niko upande wa kumbukumbu kwenye kituo kimoja binafsi hapa Moshi, jina nalihifadhi, ni kidogo tu, madaktari wawili na tabibu mmoja, maabara ipo na altrasaundi ipo. Kazi yangu fomu za bima zikitoka kwa daktari nasoma alichoandika, naweka kodi ya ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa (za magonjwa jamani siyo za TRA, mama yangu mpaka leo nikimwambia nashinda naweka kodi anajua nimepata serikalini), naingiza kwenye sistimu, mwisho wa mwezi madai yanakwenda.

Shida yangu ni moja tu, fati liva, yaani mafuta kwenye ini. Tangu tulete mashine mpya ya altrasaundi naona kama kila anayelazwa pale kitandani kupigwa tumbo anainuka na fati liva. Mwezi uliopita zimerudi fomu 9 na 6 kati yake ni hizo hizo. Naomba niwape visa viwili muone ninavyoteseka.

Cha kwanza ni mama wa miaka 52, ana biashara yake sokoni, kaja na maumivu ya tumbo juu upande wa kulia. Ripoti ya altrasaundi inasema ini limekuwa kubwa kiasi, linang'aa, mafuta gredi ya pili. Daktari kwenye kile kisanduku cha ugonjwa kaandika "?fati liva, presha", basi. Chini kwenye dawa kuna omeprazoli, amlodipini na metfomini. Nikaweka K76.0 (fati liva) na I10 (presha) nikapeleka. Imerudi metfomini imekatwa, kipimo cha mafuta ya damu kimekatwa, na pembeni wameandika ugonjwa haujathibitishwa.

Cha pili ndo kimenitoa machozi. Mzee mmoja wa Kibosho, daktari kaandika "fati liva" tu, ila kule juu kwenye historia kwa mwandiko mdogoo kaandika "mbege +". Nikawaza mbege si pombe? Na fati liva ya pombe si ina kodi yake K70.0? Nikaiweka. Sistimu yetu ukiprinti inatoa kodi pamoja na maelezo yake. Kijana wa yule mzee akaja kuomba nakala, akaenda nayo, kesho yake saa tatu asubuhi watu wamejaa benchi zima akasimama dirishani kwangu na ile karatasi, ananiuliza kwa sauti, "Dada, nani hapa kampima baba yangu ulevi?" Mzee wa watu ni mzee wa kanisa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikashindwa hata kukiweka chini. Bosi akanambia omba radhi nikaomba, lakini nawaambia ukweli mpaka naomba radhi nilikuwa sijui kosa langu ni lipi maana neno mbege lilikuwepo, sikulitunga mimi.

Na jambo jingine, niliingia mtandaoni nikaona kuna K75.81 ya fati liva iliyovimba (yenye inflamesheni), nikajaribu kuiweka kwa mgonjwa mwingine sistimu inagoma kabisa inasema kodi haipo. Sasa mtandao unadanganya au sistimu yetu mbovu? Anayejua anisaidie, ikiendelea hivi mwezi ujao wananikata mimi.

---

MamaRejesta (Arusha)

Pole mwanangu. Mimi niko kwenye kumbukumbu tangu enzi za kadi za manila na kabati za chuma, hayo ya dirishani yananipata mpaka leo, usijione peke yako.

Nianze na mzee wa Kibosho maana ndo umeumia. Kosa lako ni kwamba umeunganisha wewe. Daktari aliandika vitu viwili, mafuta kwenye ini, na kwamba mzee anakunywa mbege. HAKUANDIKA kwamba mafuta yameletwa na mbege. Hapo katikati pana daraja na anayeruhusiwa kulijenga ni aliyemuona mgonjwa. K70.0 ni kodi inayotamka chanzo, inasema pombe ndiyo iliyofanya hivi. Ukiiweka wewe umetoa hukumu ambayo hakimu hajaisoma. Mimi vijana wangu nawaambia sisi ni wakalimani, daktari akisema maneno matatu hutafsiri manne, na akisema mawili huongezi la tatu hata kama unalijua kichwani.

Haya mama wa sokoni. Ile alama ya kuuliza siyo yako kuifuta. Ulipoweka K76.0 uliifuta. Ulitakiwa urudi kwa daktari siku ile ile faili likiwa bado la moto umuulize, dokta huyu mama umeshathibitisha au bado unamtafuta? Akisema nimethibitisha, aondoe alama aandike vizuri asaini. Akisema bado, unaweka kile kinachojulikana: maumivu ya juu ya tumbo R10.1, au kama ini ni kubwa R16.0, au picha ya ini isiyo ya kawaida R93.2. Ripoti ya altrasaundi ni ushahidi wa daktari, siyo neno la mwisho la daktari. Nimeona watu wanakopi gredi kutoka kwenye ripoti wanaiweka kwenye fomu kana kwamba daktari kasema, na K76.0 yenyewe haina hata nafasi ya gredi, iwe ya kwanza au ya tatu kodi ni ile ile. Gredi ibaki kwenye maelezo.

Metfomini kukatwa hilo ni lako na daktari nusu kwa nusu. Dawa ya sukari kwenye fomu isiyo na sukari itakatwa hata aje malaika kuitetea. Huyo mama ana kisukari? Kama anacho mbona hakijaandikwa? Kikiandikwa ni E11.9 inakaa pembeni ya K76.0. Ukimuona daktari muulize na hilo, usiiweke kwa sababu umeona metfomini, utakuwa umerudia kosa la mbege.

Sasa K75.81. Sistimu yako nzima kabisa. Hapo umeingia tovuti za Wamarekani, wao wana toleo lao la ICD-10 wameliongezea tarakimu mpaka limekuwa refu kama treni ya mizigo. Toleo la Shirika la Afya Duniani tunalotumia huku linaishia K75.8, ndani yake ndo inakaa hiyo fati liva iliyovimba isiyo ya pombe. Hivyo hivyo makovu kwenye ini wao wana K74.01 ya mwanzo na K74.02 ya iliyokomaa, sisi K74.0 yatosha. Unene nao, kodi ya E66, wameuchambua mpaka basi. Kwa hiyo ukigugo hakikisha unasoma kitabu cha nyumbani kwenu siyo cha jirani. Na hata hiyo K75.8 usiiguse kwa kuona enzaimu za ini zimepanda, mpaka daktari aandike kuna inflamesheni ya ini.

---

Njiro_Finest (Arusha)

Mnajitesa bure wakuu. Sisi kituoni kwetu fati liva yoyote ni K76.0, anywe asinywe, mwenye alama ya kuuliza asiwe nayo. Inapita, hela inaingia, maisha yanaenda. Na tukiona mtu ana kitambi tunaongezea E66.9 na sukari juu ili vipimo vyote vilipwe. Hujawahi kuja mtu dirishani kwetu.

---

MamaRejesta (Arusha)

Njiro_Finest futa hiyo koment yako mwanangu, huo ni wizi na umeuandikia risiti mwenyewe. Unene unaandikwa na aliyempima mtu uzito na urefu, siyo wewe uliyechungulia kitambi kupitia dirisha la mapokezi. Siku mkaguzi akivuta mafaili 20 akakuta E66.9 hamna hata uzito umeandikwa mtarudisha hela mlizokwisha kula.

---

DoktaWaZamu (Moshi)

Nimesoma nimecheka nimesikitika, maana ule mwandiko mdogoo wa "mbege +" ungeweza kabisa kuwa wangu.

DadaMafaili nikuombe msamaha kwa niaba ya wenzangu. Siku ina wagonjwa 50, foleni imefika getini, mtu unaandika maneno mawili unasema nitamalizia jioni, jioni haiji. Lakini fati liva ni ugonjwa ambao ukiandikwa maneno mawili haujaandikwa. Ni kama kuandika "homa". Homa ya nini?

Mimi siku hizi nikiona ini linang'aa najilazimisha niandike yafuatayo hata kwa ufupi: pombe kiasi gani, homa ya ini B na C imepimwa na imetokaje, dawa anazotumia (steroidi, methotreksati, amiodaroni, tamoksifeni, valproeti, hizi zote zinaweza kuleta mafuta kwenye ini), uzito na urefu na kiuno, sukari, presha, mafuta ya damu, enzaimu za ini na plateleti (chembe za kugandisha damu). Ukiwa na hayo ndo unaweza kusema ni fati liva ya namna gani.

Na hapa kuna jambo ambalo litawasaidia huko kwenye kodi. Juni 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya dunia vilibadilisha jina. Ile NAFLD ya zamani ambayo maana yake ilikuwa tu "isiyo ya pombe" sasa inaitwa MASLD (mafuta ya ini yanayoendana na uzito, sukari, presha au mafuta ya damu), na NASH, ile yenye inflamesheni, imekuwa MASH. Sababu moja ni kwamba jina la zamani lilikuwa linasema ugonjwa siyo nini badala ya kusema ni nini. Sababu ya pili, na hii mpelekee yule kijana wa Kibosho, ni kwamba maneno kama "fati" na pombe yalikuwa yanawaaibisha wagonjwa. Kwa hiyo hasira ya yule kijana dirishani ni hasira hiyo hiyo iliyofanya maprofesa wakae wabadilishe jina.

Kwa jina jipya lazima uwe na mafuta kwenye ini PAMOJA na angalau moja kati ya haya matano: BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 25 au zaidi au kiuno kupita sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, sukari ya kufunga 5.6 au zaidi au kisukari chenyewe, presha 130 kwa 85 au dawa za presha, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) 1.70 au zaidi, HDL (mafuta mazuri ya damu) 1.0 au chini kwa mwanaume na 1.3 au chini kwa mwanamke. Yule mama wa sokoni presha peke yake inamuingiza. Lakini ICD-10 haijui neno MASLD, ilitungwa zamani, kwa hiyo nikiandika MASLD wewe unaweka K76.0, nikiandika MASH unaweka K75.8. Kwenye ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022 kimataifa kuna DB92 yenye matawi yake, nayo ilitoka na majina ya zamani.

Ngoja nimalizie na huyo mama maana ananikera kichwani. Nina formula ndogo ya kukadiria makovu kwenye ini inaitwa FIB-4, haina gharama yoyote, unachukua umri unazidisha na AST, unagawa kwa plateleti zidisha kipeuo cha pili cha ALT (AST na ALT ni enzaimu za ini). Tuchukulie mfano tu, siyo vipimo vyake, mtu wa miaka 52, AST 48, ALT 60, plateleti 210. Juu unapata 2496, chini 210 mara 7.75 ni kama 1627, jibu 1.53. Chini ya 1.3 unamwambia punguza uzito tuonane baadaye, juu ya 2.67 unamkimbiza kwa bingwa. 1.53 iko katikati, yaani huyo mtu anatakiwa kupimwa ugumu wa ini, kuna mashine yake. Sasa mwenye "?fati liva" na omeprazoli nani atakumbuka kumpima? Kuandika vibaya kunaonekana ni shida ya hela, wakati mgonjwa mwenyewe ndo anapotelea hapo.

Mfano wa ninavyoandika mimi, kwa Kiswahili ili mnielewe: "Mafuta kwenye ini (MASLD), altrasaundi ya leo gredi 2, hanywi pombe, HBsAg na HCV (homa ya ini B na C) hasi, hana dawa ya kusababisha, BMI 33 unene, kisukari aina ya 2, presha, FIB-4 1.53 apimwe ugumu wa ini." Sentensi moja. Hapo koda anapata K76.0, E11.9, I10, E66.9 bila kuniita na bila kubuni.

---

MangiKiboriloni

Samahani wataalamu mi siyo wa afya nimepita tu. Hivi kumbe mbege nayo inahesabiwa pombe?? Aisee mbege ni chakula, ina ndizi ina ulezi, sisi tumekuzwa nayo. Babu yangu alikunywa mpaka miaka 91 na ini lake hakuna aliyelilalamikia.

---

DoktaWaZamu (Moshi)

Mangi, la babu hakuna aliyelipima ndo maana halikulalamikiwa, hahaha.

Mbege ni pombe ndiyo, na kwa kazi hii ni pombe ngumu kweli maana haina lebo. Bia nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, ukipima kwa uzito ni kama gramu 20. Bapa la mililita 200 la asilimia 35 ni kama gramu 55. Enzi za viroba (vipakiti vya pombe kali) kabla havijapigwa marufuku Machi 2017 nilikuwa nauliza "vingapi kwa siku" napiga hesabu papo hapo. Mbege sasa, ya nani, imekaa siku ngapi, kata au jagi? Hata hivyo kuandika "lita moja Jumapili tu baada ya ibada" ni mbali sana na kuandika "mbege +".

Mpaka wenyewe ni hivi: mwanamke asiyezidi gramu 20 kwa siku na mwanaume asiyezidi 30, mafuta yake hayasemwi ni ya pombe kama ana moja ya yale matano. Akizidi hapo mpaka gramu 50 kwa mwanamke na 60 kwa mwanaume, wamemtengenezea jina la katikati, MetALD, maana yake vyote viwili vinachangia, na ICD-10 haina kodi ya hiyo peke yake, daktari ndo atamke kipi anakiona kikubwa. Juu ya hapo ndo tunaongelea ugonjwa wa ini wa pombe wenyewe. Kwa hiyo bia moja kwa siku kwa mwanaume iko ndani, mbili zimeshavuka. Na msinielewe vibaya, sijasema kunyweni mpaka hapo, nimesema hapo ndo jina linapobadilika.

---

MangiKiboriloni

Mbili zimeshavuka?? Yesu na Maria. Nafunga hii simu.

---

Mhakiki_Mstaafu (Arusha)

Nimewahi kukaa upande wa pili, upande wa kukagua madai, sitasema wapi. Niwaambie tulivyokuwa tunasoma fomu maana wengi mnafikiri kuna mtu anakaa kule na roho mbaya.

Unaanza na dawa na vipimo, siyo na kodi. Unaona amlodipini unatafuta presha. Unaona kipimo cha mafuta ya damu unatafuta sababu. Unaona antibayotiki unatafuta maambukizi. Kila kilicholipiwa lazima kiwe na ugonjwa uliosimama nyuma yake, kisicho na mwenyewe kinakatwa. Halafu unaangalia kama kodi na maneno ya daktari vinafanana. Hapo ndo wengi mnaangukia, daktari kaandika "?", ninyi mmeweka ugonjwa kamili. Nikiona hivyo mara tatu kwenye kituo kimoja naanza kusoma kila fomu yenu kwa darubini, hata zilizo safi.

Na kuna wale wajawazito. Nimewahi kukutana na K76.0 kwa mama wa wiki 35 aliyekuwa anatapika na macho ya njano. Lile ni ini la mafuta la ghafla la ujauzito, ni dharura ya kuzalisha, kodi yake ni O26.6 kwenye sura ya uzazi, haihusiani kabisa na fati liva ya kitambi. Aliyeikodi aliona neno mafuta na neno ini akamaliza. Mwangalie umri, jinsia na ujauzito kabla ya kuandika chochote.

Pia mwenye homa ya ini B sugu akiwa na mafuta juu yake, zote mbili zinaandikwa, B18.1 na K76.0, moja haimezi nyingine. Na ini likishakauka daktari akaandika sirosisi, msibaki na K76.0 kwa mazoea, ni K74.6, au K70.3 kama ametamka ni ya pombe. Kuna mafaili nimeona mtu ana maji tumboni miaka miwili kodi bado inasema mafuta kwenye ini tu, kila anayekuja anakopi ya mwezi uliopita.

---

Njiro_Finest (Arusha)

Sawa mmenishinda. Swali la kweli sasa, daktari mwenyewe ukimfuata anakwambia "we andika tu unachoona" halafu anaondoka na gari lake. Unafanyaje?

---

MamaRejesta (Arusha)

Usimfuate na mdomo, mfuate na karatasi. Mdomo anaukimbia. Andika swali lako kwenye kipande, tarehe, namba ya faili, nafasi ya yeye kujibu na kusaini, kibanie mbele ya faili. Na swali liwe wazi, usimwekee jibu mdomoni. Usiandike "dokta hii si ni ya pombe?" Andika "historia inataja mbege, ugonjwa umeandikwa fati liva, tafadhali taja chanzo kama kinajulikana." Akiandika hakijulikani, basi hakijulikani, unaweka K76.0 unalala usingizi wako. Daktari mmoja wa kwetu alinikasirikia wiki mbili nzima, wiki ya tatu akaanza kuandika vizuri ili asione kikaratasi changu.

---

DadaMafaili (Moshi)

Nimerudi wakuu, samahani kwa kukaa kimya, mwisho wa mwezi nilikuwa nimezama.

Nilifanya kama Mama Rejesta alivyosema, nikakata karatasi A4 vipande vinne, nikaandika maswali kwa mkono: pombe (aina, kiasi, mara ngapi kwa wiki, au hanywi), homa ya ini B na C, dawa, uzito, urefu, kiuno, sukari, FIB-4, na mwisho "dokta, ni ya nini?" Nikabania kwenye mafaili yote sita. Daktari mkubwa alipoona cha kwanza akauliza huu ni mtihani wa darasa la ngapi. Nikamwambia shikamoo dokta, ni wa kwangu mimi, nikifeli tunafeli wote. Akacheka akakaa akavijaza vyote, dakika kumi hazikuisha.

Mama wa sokoni kumbe kisukari anacho tangu mwaka juzi, kiliandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, kwenye faili letu hakimo. Daktari kaondoa alama ya kuuliza, kaandika yote na kasaini na tarehe ya siku aliyosahihisha, siyo ya nyuma (nilimbana hapo). Fomu imepelekwa upya bima. FIB-4 yake kaipiga kwenye simu mbele yangu imetoka 1.9, kampigia mama mwenyewe aje apewe rufaa akapimwe ugumu wa ini. Mama akauliza ni bei gani, basi tukabaki tunatazamana.

Mzee wa Kibosho aliitwa na yeye akaja na kijana wake yule yule. Daktari kamuuliza taratibu, mzee akasema mbege aliacha, siku hizi anaonja kikombe kwenye shughuli kwa kuwa hawezi kukataa mkononi mwa mwenyeji, mara moja kwa mwezi au isifike. Sukari yake ya kufunga 8.2, ikapimwa tena siku ya pili 7.9. Hakuna aliyekuwa anajua ana sukari. Kodi imebadilishwa, K76.0 na E11.9. Nikamprintia nakala mpya nikampa mzee mkononi kwa mikono miwili, akaivaa miwani akaisoma yote mpaka chini kwenye jina la kituo, akaikunja mara nne akaiweka kwenye mfuko wa koti. Kijana hakusema kitu, ila wakati wanatoka akarudi dirishani akaniuliza, dada, na mimi mwenye kitambi hiki nipimwe lini?

Nimemwandikisha Jumanne.

---

Njiro_Finest (Arusha)

Dada hicho kikaratasi chako cha maswali kipige picha ukitume hapa basi.

---

DadaMafaili (Moshi)

Kesho nikifika kazini. Msicheke mwandiko, na kwenye "kiuno" niliandika "kiuono" zote sita, daktari kaisahihisha kwa kalamu nyekundu.